Makohozi ya Mtangazaji

Juzi nilipasua yai kwenye ukingo wa bakuli, nikakuta ni viza. Harufu ilinipanda mpaka nyuma ya macho, nikalitupa pamoja na bakuli lake. Binti yangu alicheka, akaniuliza ni kinyaa gani hicho cha kumpotezea mtu bakuli zima. Yai viza lina afadhali. Linalonitapisha mimi ni yai zima, bichi, likiteleza kooni mwa mtu mzima aliyeinua kidevu, kongomeo likipanda na kushuka, kisha ute mmoja mrefu ukabaki umening'inia kwenye ndevu. Hilo nililitazama kila asubuhi nilipokuwa mtoto, na mpaka leo mayai ya nyumbani kwangu huchemshwa hadi yawe magumu kama kokoto.

Mwenye kuyanywa alikuwa Mjomba Charo, ndugu pekee wa mama yetu, mtangazaji wa mpira redioni. Ninyi wa rika langu mliokulia Kisauni huenda mliwahi kumsikia Jumamosi alasiri, katika kile kituo kidogo ambacho mchana kilishika mpaka Ganze na jioni hakikushika hata nyumba ya pili. Mlimpenda. Watu walikuwa wakinisimamisha njiani kuniambia nina bahati kukaa nyumba moja na sauti ile. Ninyi mlipata sauti. Sisi tulipata koo.

Tulikaa Mwakirunge, upande ule ambao upepo ukigeuka unakuletea jaa la mji mzima mlangoni. Baba alikuwa akichonga mawe timboni mpaka vumbi lilipomkaa kifuani na kukataa kutoka. Mama alimfuata kabla hatujazoea kumwita baba marehemu. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, niko darasa la saba. Nyuma yangu alikuwa Safari, ambaye meno yake ya utoto yalikuwa yameanza kung'oka, na mwisho Sidi, aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Matanga ya mama yalikuwa hayajaanuliwa wakati Baba mkubwa Baya, kaka yake baba, alipotugawa. Alifanya hivyo huku akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Mimi ningekwenda Mariakani kwa Shangazi Mwaka nikamsaidie, na kila mtu aliyekaa pale alijua kumsaidia Shangazi Mwaka maana yake ni nini. Safari angekwenda Ganze kwa Baba mkubwa mwenyewe akachunge mbuzi. Sidi angepewa jamaa mmoja wa Kilifi ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona uso. Nakumbuka nilimtazama Shangazi akitikisa kichwa kukubali huku amejaza wali mdomoni, na punje moja ikatoka ikamwangukia Sidi kichwani. Hakuna aliyeitoa. Niliitoa mimi.

Hapo ndipo Mjomba Charo aliposimama. Alikuwa amechelewa mazishini, amevaa viatu vinavyong'aa, na alizungumza kama anavyozungumza redioni, akipandisha na kushusha. Akasema watoto wa dada yake hawatatawanywa kama mali ya mnada. Yeye ana kazi, hana mke, atahamia hapa Mwakirunge na kukaa nasi. Wanawake walilia. Baba mkubwa alikubali, kwa sababu mbele ya watu wanaolia huwezi kukataa, lakini aliweka sharti lake. Alisema, "Kazi yako ikiwapo, watoto watakaa hapa. Siku kazi ikiisha, Charo, kila mtoto na njia yake." Nilikuwa nimembeba Sidi mgongoni, nikalisikia neno hilo kwa masikio yangu mawili.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumwambia mwalimu kwamba sirudi shule, kwani Sidi hana wa kukaa naye. Alinisihi kidogo, si sana. Tangu siku hiyo nilikuwa na somo moja tu, nalo ni koo la Mjomba.

Kila kulipopambazuka alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, shati hana, kitambi kimelala juu ya mapaja. Kwanza alisukutua kwa maji ya chumvi. Kisha alitafuna kitunguu saumu kibichi, mdomo wazi, ili nisikose kuona. Kisha akapasua mayai mawili moja kwa moja mdomoni. Halafu ndipo ilipoanza kazi yenyewe. Alivuta kutoka chini kabisa, kutoka mahali ambapo nilidhani ni magotini, mlio mmoja mrefu kama gari la taka likibadilisha gia mlimani, akatemea katika kopo la maziwa ya unga lililokuwa miguuni pake. Akapumua, akavuta tena. Majirani walisema hawahitaji jogoo.

Kopo hilo lilikuwa langu. Nililibeba mkono ukiwa mbali na mwili na uso umegeukia kwengine, lakini kabla ya kulimwaga ilinibidi kutazama. Nilikuwa na imani, wala sijui niliitoa wapi, kwamba sauti ya Mjomba inakaa ndani ya makohozi. Yakiwa meupe na mepesi, sauti ni nzima, kazi ipo, nasi tupo. Yakiwa mazito ya manjano, nilianza kuwa na wasiwasi. Yakiwa ya kijani, nilimwona Safari wazi kabisa yuko Ganze nyuma ya mbuzi, peke yake, makamasi yakimtoka na hana wa kumfuta. Kuna watoto waliotazama mawingu kujua kama mvua itanyesha. Mimi nilitazama mle koponi huku nimebana pua.

Nililimwaga nyuma ya choo, na hapo palikuwa na shida nyingine. Kuku wetu walikuwa wameizoea saa hiyo. Walinikimbilia mbawa wazi, wakayagombania kama mahindi. Nilijaribu kuwafukuza kwa fimbo kwa sababu niliogopa jogoo atapata sauti na Mjomba ataikosa. Baadaye hofu hiyo iliniondoka, ikaja mbaya kuliko hiyo. Niligundua kwamba kuku hula makohozi ya Mjomba, hutaga mayai, na mayai hayo ndiyo Mjomba anayoyanywa asubuhi ili apate makohozi. Nilimweleza Safari, naye hakula ugali siku nzima. Mjomba hatukumwambia. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri.

Jumamosi alitutaka sote uwanjani. Mimi nibebe chupa ya maji ya tangawizi na kopo, na wadogo zangu sikuwa na pa kuwaacha. Vifaa vya kutangazia havikuwa vingi: simu yake ya mkononi, na kule studio kijana wa zamu wa kuipokea. Mjomba alipanda juu ya chochote kilichokuwepo, akaweka simu mdomoni karibu kama anataka kuila, na akawa mtu mwingine. Yule ambaye nyumbani alikata kucha za miguu kwenye mkeka tunaolia chakula, aliyemwita Sidi "wewe" tu kwa sababu jina la mtoto hakulishika, sasa alikuwa akiwasalimu kina mama majikoni, wagonjwa vitandani na watoto wote wapendwa popote walipo. Mate yalimtoka, yakaikaa simu kama umande. Niliifuta mimi.

Mambo yaliyompata viwanjani watu hawakuyajua. Siku moja huko Mtongwe aliweka karatasi ya majina ya wachezaji juu ya jiwe, mbuzi akaja akaila. Mjomba aliruka, akamshika mbuzi taya, akaingiza vidole na kutoa kipande kilichobaki, kimelowa ute wa kijani, akanikabidhi nikikaushe juani. Hakikusomeka. Mpira ulikuwa umeanza, na timu ya Mtongwe hakumjua hata mmoja, kwa hiyo akawapa wachezaji wote majina ya mchungaji na wazee wa kanisa letu. Mchungaji wetu alikuwa nyumbani kwake akinywa chai, akajisikia redioni akionyeshwa kadi ya njano kwa kumkata mtama mwenzake ndani ya eneo la hatari. Jumapili hakutusalimia.

Nyumbani Mwakirunge shida haikuwa kukosa majina bali kuwa nayo machache. Kwetu majina huzunguka kutoka kwa babu kwenda kwa mjukuu, na timu ya vijana wa timboni ilikuwa na kina Kazungu wanne. Mara ya kwanza kuitangaza, Mjomba alisema Kazungu anampa Kazungu, Kazungu anamrudishia Kazungu, Kazungu anamtafuta Kazungu pembeni, na kijana wa studio akaona laini ya simu imekwama inarudia neno moja, akaikata. Ilibidi Mjomba awape majina ya pili, na kwa kuwa yeye ni yeye, aliyachukua kutoka kwenye miili yao. Kulikuwa na Kazungu Kigaga, Kazungu Kikwapa, Kazungu Chongo, na winga mmoja mwenye mafua ya daima aliyeitwa Kazungu Makamasi. "Makamasi anateleza," Mjomba akasema redioni kwa furaha, "Makamasi anashuka, nani atamzuia Makamasi."

Mama yake Kazungu Makamasi alikuja kwetu Jumatatu akiwa amejifunga leso kiunoni kama mtu anayekuja kupigana. Alisema mwanawe alikuwa na mchumba Mikindani, msichana wa watu, na wazazi wa msichana wamesikiliza redio, na sasa wanauliza watajibu nini wakiulizwa jina la mkwe wao. Mjomba alimjibu kwamba umaarufu una gharama yake. Alimjibu akiwa amelala chali juu ya mkeka, anakuna kitovu. Yule mama alitema chini karibu na miguu yangu, akaniambia nimwonee huruma mama yangu huko aliko kwa kuwa na ndugu wa namna hiyo. Nilichota mchanga nikafunika mate, ambayo kwa desturi niliyatazama kwanza. Yalikuwa meupe.

Ndipo ikaja ile mechi ya timu ya timboni na ya Mtongwe, hapahapa kwetu, uwanja ulio chini ya jaa. Upepo ulikuwa umegeuka tangu asubuhi. Harufu ilikuwa nzito kiasi cha kuitafuna, na inzi walikuwa wale wakubwa wa kijani wanaolia kama pikipiki. Walikaa kwenye macho ya wachezaji, kwenye mdomo wa chupa ya tangawizi, kwenye kidonda cha goti la Safari. Mjomba alikuwa amesimama juu ya tairi la lori. Asubuhi ile kopo lilikuwa na rangi nzuri, na mimi nilikuwa na amani.

Mpira ulikwenda bila bao mpaka mwisho ulipokaribia. Mjomba alishusha sauti, ile ya chini anayoitumia kuwafanya watu wasogelee redio, akawaambia wasikilizaji kwamba sasa, ndugu zangu, tumeingia dakika za lala salama. Hapohapo mpira ukamfikia Kazungu Makamasi, akampiga mtu chenga, akampiga wa pili kanzu, akatia nyavuni. Mjomba alifungua mdomo wote kwa lile bao lake refu analojulikana nalo. Alifika "goo" tu. Nilimwona inzi akiingia. Hakuwa na haraka, aliingia kama anayerudi kwake.

Kilichosikika redioni baada ya hapo ni mtu anayekabwa. Alikoroma, akapiga mluzi kwa ndani, akasema "na-, na-, na-," simu ikamtoka mkononi na kuingia katika mtaro wa maji meusi yanayotiririka kutoka jaani, ikazimika milele. Alianguka kutoka kwenye tairi akiwa ameshika shingo. Wachezaji walikuja mbio. Wa kwanza kufika alikuwa Kazungu Makamasi, ambaye hakuuliza kitu; alimpanua taya na kumtia vidole viwili kooni mpaka mwisho, vidole vilevile alivyokuwa akipengea kamasi kipindi chote cha pili. Alivizungusha humo kwa muda mrefu. Mpaka leo sijui alikuwa akimwokoa au akilipiza. Mjomba alitapika mayai, tangawizi na kitunguu saumu juu ya viatu vyake, lakini inzi hakuonekana. Tulimbeba mpaka nyumbani. Koo lilikuwa limevimba na sauti haikuwepo kabisa. Alipojaribu kusema, ulitoka upepo wenye harufu.

Sikuwaza juu ya Ganze. Mtoto huwaza kilicho mbele yake, na mbele yangu palikuwa na ndoo ya matapishi ya kumwaga. Lakini Ganze walikuwa wakitusikiliza. Baba mkubwa alikuwa kwenye duka la jirani yake siku ile, na hapo dukani redio ilikuwa wazi. Mpira hakuujua. Alimsikia shemeji yake akishusha sauti, akisema ndugu zangu, lala salama. Kisha akamsikia akikoroma. Kisha kimya. Na yule kijana wa studio, alipoona laini imekatika na hana la kuweka, akaweka wimbo wa kwaya wa taratibu, ule wa kusindikizia jeneza, akauacha ukaimba mpaka mwisho. Baba mkubwa alipiga simu ya Mjomba, haikupatikana. Akapeleka habari Mariakani kwamba Charo amefariki akiwa kazini na ameaga mwenyewe hewani kama mtu mwenye akili zake.

Asubuhi iliyofuata lilikuja gari la mizigo limejaa ndugu. Niliwasikia kabla sijawaona, kwa maana wanawake walianza kulia tangu njia panda. Mjomba wakati huo alikuwa chooni. Mimi nilikuwa mlangoni na Sidi mgongoni, nikidhani wamekuja kumpa pole kwa inzi, na nikaona ni upendo mkubwa kulilia koo la mtu kiasi hicho. Nikaanza kuwaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo. Hawakuitikia. Shangazi Mwaka alinikumbatia, akanilowesha shingo kwa machozi na jasho, na kabla machozi hayajakauka alikuwa ameshapita ndani. Nikasikia masufuria yanagongana. Baba mkubwa alikwenda nyuma ya nyumba, akaanza kukipima kiwanja chetu kwa hatua, midomo ikitembea. Walikuwa wamekuja na mbuzi wa matanga. Kamba yake walimpa Safari, na mjukuu mmoja wa Baba mkubwa akamwambia, huku akicheka, aishike vizuri azoee, kwani atarudi na gari hilohilo.

Hapo nikaelewa. Nikasema Mjomba hajafa. Shangazi akatoa kichwa dirishani, sufuria kubwa ya mama ikiwa kwapani, akaniambia maskini mwanangu, uchungu umekuingia kichwani. Naye alikuwa bado hajamaliza kusema wakati mlango wa choo ulipofunguka na Mjomba akatoka amejifunga leso ya maua kifuani, shingo imevimba, macho mekundu. Shangazi aliidondosha sufuria. Mbuzi alimponyoka Safari. Wanawake wawili walikimbia mpaka barabarani.

Nimeona mambo mengi ya kuchefua, mengine nimeyabeba kwa mikono yangu, lakini hakuna lililonichefua kama nyuso zile baada ya hofu kuisha. Nilingojea wafurahi. Walikaa wakitazamana kama watu waliofika arusini wakakuta imeahirishwa. Baba mkubwa ndiye aliyejikusanya kwanza. Alivuta kiti, akakaa kivulini, akaomba maji. Majirani walikuwa wamefika kwa kusikia kilio, wachezaji nao wakiwemo, na mama yake Kazungu mbele yao akiwa na mikono kiunoni. Baba mkubwa alisafisha koo, jambo lililonikera, akasema kwamba Mungu ni mwema, Charo yu hai, lakini kwa kuwa wazee wameshakutana basi wamalize lililo mbele yao.

"Tulikubaliana, Charo," alisema. "Kazi yako ni sauti. Sauti haipo. Una la kusema?"

Mjomba alifungua mdomo, ukatoka upepo.

"Hana," Shangazi akasema.

Mjomba aliinua mkono, akaniita kwa kidole. Niliinama nikamtegea sikio. Pumzi yake ilikuwa moto, ina vitunguu na uchachu wa matapishi ya jana, na midomo ikanigusa sikio, imelowa. Nilijizuia nisiruke. Alinong'ona polepole ili nisipoteze hata neno.

"Waambie wawachukue. Nimechoka na watoto wa watu."

Nilinyooka. Watu wote walikuwa wakinitazama. Safari alikuwa amemkamata tena mbuzi, ameisokota kamba mkononi mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Sidi mgongoni alikuwa akininyonya leso begani. Nilimtazama Baba mkubwa, na njiti yake ya kiberiti ikiwa tayari pembeni mwa mdomo.

"Mjomba anasema hakuna mtoto atakayetoka hapa," nikasema. "Anasema sauti itarudi. Isiporudi, atakwenda kuchonga mawe timboni kama alivyofanya baba, lakini sisi hatutawanyiki. Anasema alimwahidi dada yake."

Baba mkubwa alikunja uso. Akaniuliza mbona amenong'ona kidogo na mimi nimesema mengi.

"Sauti ndiyo ndogo, Baba mkubwa. Maneno ni mengi."

Mama yake Kazungu alipiga kofi moja, akasema kwamba mdomo wa mtu huyu ni choo, na yeye atalisema hilo mpaka kaburini, lakini leo amesema neno la mwanamume. Wachezaji wakapiga makofi. Mmoja akaita jina la Mjomba kama wanavyoliita uwanjani, na wengine wakaitikia, na wanawake waliokuwa wamekimbilia barabarani wakarudi wakipiga vigelegele. Baba mkubwa alingoja mpaka walipotulia, akamgeukia Mjomba na kumuuliza kama hayo ndiyo aliyoyasema.

Mjomba alinitazama. Nami nilimtazama, sikushusha macho. Nilikuwa nimemfuta mate mtu yule miezi mingi na nilimjua kuliko alivyojijua. Angeweza kukataa kazi, angeweza kukataa watoto, lakini makofi hakuwahi kuyakataa. Aliwatazama watu waliokuwa wakimngoja, mmoja baada ya mwingine. Kifua kikapanda. Akaweka mkono juu ya moyo, akatikisa kichwa kukubali, na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, makubwa, kwa ajili ya maneno ambayo hakuyasema. Yalichanganyika na kamasi, yakashuka mpaka mdomoni, akayalamba.

Mbuzi alichinjwa, kwa kuwa hakuna aliyetaka kurudi naye. Walikula wote, wakapangusa mikono kwenye ukuta wetu, wakapanda gari. Shangazi Mwaka aliondoka na sufuria kubwa ya mama, akisema ni ya kubebea nyama na ataituma. Sauti ya Mjomba ilirudi baadaye, nusu yake, ikiwa na mkwaruzo, na wasikilizaji wakasema sasa ndiyo ina hisia. Kituo kikamwongezea Jumapili. Safari na Sidi walimaliza shule wote wawili wakitokea mlango mmoja, nami nilikuwa mlangoni hapo kuwaona wakitoka na kuwaona wakirudi.

Lakini siku ile, gari lilipokwisha kupotea, Mjomba aliniita tena kwa kidole. Nilikuwa nikifagia mifupa. Niliinama, nikatega sikio, nikapokea ile pumzi.

"Yale sikuyasema mimi," akanong'ona.

"Umeyasema, Mjomba. Watu wote wamesikia."

Nikajipangusa sikio kwa upindo wa leso, nikaenda kumwamsha Sidi apate nyama yake kabla haijapoa.